Kuweka na Kuoanisha Saa ya Seva ya Simu za Ofisi: FreePBX 17 juu ya Debian 12

Kwa nini mteja anayepiga simu saa mbili na nusu asubuhi husomewa ujumbe kwamba ofisi imefungwa? Kwa nini mhasibu aliyewahi kazini na kupiga simu saa moja asubuhi anaonekana katika taarifa kuwa alipiga saa kumi alfajiri? Kwa nini simu ya mapokezi na simu ya meneja, zilizounganishwa kwenye swichi moja, hazikubaliani kuhusu saa? Maswali haya huulizwa na karibu kila fundi anayekabidhiwa mfumo wa simu kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa majibu yake yanafanana, nimeona ni heri yawekwe mahali pamoja kwa utaratibu unaofuatika.

Mwongozo huu unamhusu mwenye FreePBX 17, programu ya kuendesha simu za ofisi, juu ya mfumo endeshi wa Debian 12, katika ofisi iliyoko Tanzania, Kenya au Uganda, ambako saa ni UTC+3, yaani saa 3 mbele ya saa ya kimataifa (UTC), mwaka mzima, bila kusogezwa mbele wala kurudishwa nyuma. Aliyebaki na toleo la zamani lililojengwa juu ya CentOS 7 anaweza kuufuata pia, ila kwake faili la mipangilio ya chrony, programu ya kuoanisha saa, ni /etc/chrony.conf, huduma inaitwa chronyd, na vifurushi huwekwa kwa yum badala ya apt.

Pima tofauti kabla ya kugusa chochote

Jambo ambalo wengi hawalielewi mapema ni kwamba ndani ya mfumo wa simu hakuna saa moja. Ipo saa ya ubao mama inayotembea kwa betri, ipo saa ya mfumo endeshi, upo ukanda wa saa unaoamua saa hiyo isomwe vipi, zipo programu zinazokumbuka ukanda ziliousoma zilipowashwa, na kila simu ya mezani ina saa yake. Anayerekebisha isiyo na kosa huongeza kosa la pili. Kwa hiyo chukua simu yako ya mkononi, ambayo kwa kawaida hupata saa sahihi kutoka kwenye mtandao, kisha ulinganishe na saa unayoilalamikia, kwa maana ukubwa wa tofauti ndio utakaokuambia kosa liko wapi.

Tofauti ikiwa saa 3 kamili, seva ilisimikwa ikaachwa kwenye UTC, na saa yenyewe huenda haina kosa lolote. Ikiwa ni saa 5 kamili na inaonekana kwenye simu za mezani peke yake, hasa za Yealink, simu hizo bado zimo katika ukanda wa kiwandani wa UTC+8. Ikiwa ni saa 6 kamili, yawezekana mtu aliingiza saa kwa hesabu yetu ya Kiswahili, akaandika 02:00 akikusudia saa mbili asubuhi, au alichagua ukanda ambao alama yake imegeuzwa, jambo nitakalolieleza katika hatua ya 2. Lakini tofauti ikiwa ya dakika 4, au 17, au namba nyingine isiyo na mpangilio, basi ni saa yenyewe iliyopotoka kwa kuwa haioanishwi na chanzo chochote. Mwaka mzima ukiwa umekosewa, shuku betri ya ubao mama.

Mahitaji

- Njia ya kuingia kwenye seva kwa SSH, ukiwa root (msimamizi mkuu wa seva) au mtumiaji mwenye ruhusa ya sudo. Amri zote hapa chini zimeandikwa kwa ajili ya root.
- Akaunti ya msimamizi katika kurasa za FreePBX.
- Anwani ya IP isiyobadilika ya seva. Katika mifano nimetumia 192.168.10.5, na mtandao wa simu ni 192.168.10.0/24, badilisha kulingana na ofisi yako.
- Intaneti inayoruhusu UDP kupitia lango namba 123, au seva nyingine ya saa iliyomo ndani ya taasisi.
- Nakala rudufu ya FreePBX ya siku hiyohiyo.
- Muda ambao hakuna anayezungumza kwenye simu. Kuwasha upya huduma kunaweza kukata mazungumzo, na saa inaporuka ghafla huku simu iko hewani, urefu wa mazungumzo hayo unaweza kuandikwa visivyo. Kazi hii ifanywe jioni baada ya ofisi kufungwa.

Hatua kwa hatua

1. Soma hali ilivyo. Ingia kwenye seva na uandike:

    timedatectl

Utaona mistari saba. Inayokuhusu zaidi ni "Local time", "Universal time", "Time zone" na "System clock synchronized". Anza na "Universal time": ongeza saa 3 kichwani, na ukipata saa sahihi ya ukutani, basi saa ya seva ni nzima na tatizo ni ukanda tu. Tazama pia mstari wa mwisho, "RTC in local TZ", ambao unapaswa kuwa "no". Nakili matokeo haya mahali, utayahitaji kulinganisha baadaye.

2. Weka ukanda wa saa. Kwa Tanzania:

    timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Kwa Kenya andika Africa/Nairobi, na kwa Uganda Africa/Kampala. Zote tatu hutoa saa ileile. Ofisi ya Kigali au Bujumbura iko UTC+2, kwa hiyo itumie Africa/Kigali au Africa/Bujumbura. Congo ina kanda mbili: Goma, Bukavu na Lubumbashi hutumia Africa/Lubumbashi, yaani UTC+2, na Kinshasa hutumia Africa/Kinshasa, yaani UTC+1. Shirika lenye seva moja inayohudumia matawi ya Arusha na Bukavu lisiigawanye seva. Seva ibaki na ukanda wa makao makuu, na tofauti iwekwe kwenye simu za tawi na katika masharti ya muda.

Hapa kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuchagua Etc/GMT+3 kwa kudhani kwamba ndiyo yetu. Katika majina ya kundi la Etc alama zimegeuzwa, kwa hiyo Etc/GMT+3 ni saa 3 nyuma ya UTC, na seva yako itachelewa kwa saa 6. Tumia jina la mji daima. La pili, ambalo ndilo baya zaidi, ni kuiacha seva kwenye UTC na kuisogeza saa mbele kwa saa 3 kwa amri ya date. Kwa macho utaona imekubali, lakini seva sasa inaamini kwamba dunia nzima iko saa 3 mbele, na siku uoanishaji utakapowashwa, kila kitu kitarudi nyuma bila mtu kuelewa kilichotokea.

3. Simika chrony.

    apt update
    apt install chrony

Debian huja na systemd-timesyncd, ambayo itaondolewa yenyewe chrony inapoingia. Usijaribu kuzirudisha pamoja, kwa kuwa programu mbili zinazoisukuma saa moja huvutana. Mimi huchagua chrony kwa sababu mbili: huvumilia intaneti inayokatika na kurudi, na inaweza kuzigawia simu za mezani saa, kazi ambayo systemd-timesyncd haiifanyi.

Ikiwa saa ya seva iko nyuma sana, apt inaweza kukataa kwa kudai kwamba faili za hazina bado hazijaanza kutumika. Hapo, na hapo tu, weka saa kwa mkono kwanza, ukifuata mfumo wa mwaka, mwezi, siku na saa 24:

    timedatectl set-ntp false
    timedatectl set-time "2026-03-16 19:20:00"

Saa unayoandika hapo husomwa kwa ukanda uliouweka katika hatua ya 2, ndiyo maana hatua hiyo imetangulia.

4. Chagua vyanzo vya saa. Fungua faili /etc/chrony/chrony.conf. Utakuta mstari huu:

    pool 2.debian.pool.ntp.org iburst

Kwa ofisi nyingi mstari huo unatosha, kwa maana mradi wa pool.ntp.org hujaribu kukupa seva zilizo karibu na ulipo. Ukitaka kutaja bara, ubadilishe uwe hivi:

    pool africa.pool.ntp.org iburst

Mstari mmoja wa aina hii huleta seva kadhaa, na hilo ni la maana. Chanzo kikiwa kimoja utalazimika kukiamini hata kikikosea. Vikiwa viwili na visikubaliane, chrony haina njia ya kujua mkweli ni yupi. Vyanzo vinne humwezesha mwongo kutambulika na kuachwa. Usichanganye time.google.com na vyanzo vingine, kwa sababu Google hulinyunyiza badiliko la sekunde ya nyongeza katika saa nyingi badala ya kulitia mara moja, na siku ya badiliko hilo vyanzo vyako vitapingana.

Kabla ya kufunga faili, hakikisha mistari hii miwili imo:

    makestep 1 3
    rtcsync

Wa kwanza unaruhusu saa irushwe moja kwa moja ikiwa imekosea kwa zaidi ya sekunde 1, lakini katika marekebisho matatu ya mwanzo tu. Wa pili unaifanya saa ya ubao mama ifuate saa ya mfumo.

5. Washa upya na uthibitishe.

    systemctl restart chrony
    chronyc sources
    chronyc tracking

Subiri dakika moja au mbili kabla ya kusoma majibu. Katika orodha ya vyanzo, tafuta mstari unaoanza na ^*, ambacho ndicho chanzo kinachofuatwa sasa; wenye ^+ husaidiana nacho. Safu ya "Reach" huanza na namba ndogo na kupanda hadi 377, maana yake majaribio manane ya mwisho yote yalijibiwa. Katika majibu ya tracking, mstari wa "Leap status" useme "Normal", na "System time" ionyeshe tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde.

Iwapo saa ilipotoka baada ya yale marekebisho matatu ya mwanzo, chrony haiirushi tena bali huisogeza polepole, na mwendo wake wa juu kabisa ni sekunde 1 kwa kila sekunde 12. Kosa la saa moja litachukua saa 12 kuisha. Kwa kuwa umechagua muda ambao simu zimetulia, huna haja ya kungoja:

    chronyc makestep

6. Andika saa kwenye ubao mama.

    timedatectl set-local-rtc 0
    hwclock --systohc

Saa ya ubao mama ibaki kwenye UTC. Ukirudia timedatectl sasa, "Universal time" na "RTC time" zitafanana, na "System clock synchronized" itakuwa "yes".

7. Zijulishe programu zilizokuwa zinatembea. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo chanzo cha lalamiko kwamba terminali inaonyesha saa sahihi lakini taarifa za simu bado ziko nyuma. MariaDB, hifadhidata inayotunza kumbukumbu za simu, ilisoma ukanda wa saa ilipowashwa, na haitausoma tena hadi iwashwe upya. Katika FreePBX fungua "Settings", kisha "Advanced Settings", tafuta "PHP Timezone", chagua ukanda uleule wa hatua ya 2, bonyeza "Submit" na "Apply Config". Rudi kwenye terminali:

    systemctl restart mariadb
    systemctl restart apache2
    fwconsole restart

Kisha linganisha:

    date
    mysql -e "SELECT NOW();"

Majibu mawili yafanane. Mwisho piga *60 kutoka simu yoyote ya ndani, na mfumo utakutajia saa kwa sauti. Hiyo ndiyo saa inayotumiwa na Asterisk yenyewe, injini ya simu iliyo chini ya FreePBX.

Kumbukumbu za simu zilizoandikwa kabla ya leo zitabaki na saa za zamani. Ushauri wangu ni kwamba usiziguse. Andika katika daftari la seva tarehe na saa ya marekebisho pamoja na ukubwa wa tofauti iliyokuwapo, ili mkaguzi akiuliza upate cha kumwonyesha. Kumbukumbu iliyokosewa kwa kiasi kinachojulikana inaweza kutetewa. Iliyobadilishwa kwa mkono ni vigumu.

8. Kagua saa za kazi. Fungua "Applications", kisha "Time Groups". Saa zote hapo ni za mfumo wa saa 24: ofisi inayofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni ni 08:00 hadi 17:00. Kosa la kuandika 02:00 hadi 11:00 lipo katika seva nyingi kuliko unavyodhani, na hugunduliwa kwa kuchelewa kwa sababu asubuhi mfumo huonekana uko sawa. Ni baada ya saa tano tu ndipo wateja huanza kuambiwa ofisi imefungwa. Baada ya hapo nenda "Time Conditions". Ukurasa wa sharti huonyesha saa ya seva, na palipo na chaguo la ukanda wa saa, acha ule wa mfumo isipokuwa kwa tawi lililo katika ukanda mwingine. Kwa sikukuu kama Idi, ambayo tarehe yake hungoja mwezi uandame, usihangaike kuipanga mapema. Tengeneza "Call Flow Control" ili mhudumu wa mapokezi aubadilishe mwelekeo wa simu kwa kupiga namba.

9. Zigawie simu za mezani saa. Badala ya kuiacha kila simu itafute saa nje ya ofisi, zielekeze zote kwenye seva. Ongeza katika /etc/chrony/chrony.conf:

    allow 192.168.10.0/24

Usiandike allow peke yake bila mtandao, kwani utakuwa umemfungulia kila mtu. Washa chrony upya, kisha katika moduli ya "Firewall" ya FreePBX hakikisha mtandao wa simu umo katika eneo la "Trusted". Katika ruta inayogawa anwani, weka chaguo namba 42 la DHCP liwe 192.168.10.5. Simu za Yealink zinazosoma faili la mipangilio ziandikiwe:

    local_time.ntp_server1 = 192.168.10.5
    local_time.time_zone = +3
    local_time.summer_time = 0

Mstari wa tatu usiuache. Afrika Mashariki haisogezi saa kwa misimu, lakini simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa tayari kufanya hivyo zenyewe. Kumbuka pia kwamba NTP, itifaki ya kugawa saa kwenye mtandao, hugawa UTC tu na haibebi ukanda, ndiyo maana +3 huwekwa kwenye simu hata kama seva imekamilika. Simu zikishawashwa upya, amri ya chronyc clients itakuonyesha zipi zimekuja kuuliza saa.

Yakikwama

*Vyanzo vyote vina ^? na Reach ni 0.* Anza na majina: andika getent hosts africa.pool.ntp.org. Isipotoa anwani, tatizo ni DNS na halihusiani na saa. Ikitoa anwani, basi UDP 123 imezuiwa na ruta, na fayawoli ya taasisi, au na mtoa huduma wa intaneti. Ikibidi, itumie ruta kama chanzo, mradi yenyewe inapata saa kutoka kwingine.

*Chanzo kimoja kina ^x.* Kimeonekana kuwa kinapingana na wenzake na kimeachwa. Kikiwa kimoja kati ya vinne huna la kufanya.

*Saa hurudi nyuma kila umeme unapokatika.* Betri ya ubao mama, ambayo mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, imekwisha. Ibadilishe, kisha urudie hatua ya 6. Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa ya ubao kabisa, hivyo zikiwashwa kabla intaneti haijarudi huendelea na saa ziliyoikumbuka mara ya mwisho. Ziwekee moduli ya saa yenye betri, au ziunganishe ruta na seva kwenye UPS moja.

*Simu zinakosa saa pale intaneti inapokuwa imekatika na seva imewashwa upya.* Mstari wa local stratum 10 katika chrony.conf utaifanya seva igawe saa yake hata isipopata chanzo. Uuweke tu ikiwa betri ya ubao mama ni nzima, kwa sababu vinginevyo utakuwa unagawa uongo kwa ofisi nzima.

*Seva ni mashine pepe na saa inarukaruka.* Huenda mashine mama nayo inaisukuma saa ya mgeni wake kupitia zana za VMware au VirtualBox. Zima uoanishaji wa upande huo na uiachie chrony. Lakini kama seva imo ndani ya kontena la LXC kwenye Proxmox, saa ni ya mashine mama na ndiko inakorekebishwa. Kinachobaki kwako ndani ya kontena ni ukanda wa saa.

*Saa zote ni sahihi lakini ujumbe wa sauti unatajwa kwa saa nyingine.* Kila sanduku la ujumbe linaweza kuwa na ukanda wake. Fungua namba ya ndani inayohusika, nenda sehemu ya "Voicemail", na katika sehemu ya chaguo ufute tz iliyowekwa au uibadilishe.

*Ofisi bado inaonekana imefungwa ingawa *60 inataja saa sahihi.* Angalia kama sharti la muda limelazimishwa kwa mkono. Mtu akilibatilisha jioni ya sikukuu kwa ubatilisho wa kudumu, litabaki hivyo mpaka aliondoe, na hakuna saa itakayolifungua. Katika ukurasa wa sharti, rudisha ubatilisho kwenye hali ya kawaida, bonyeza "Submit" na "Apply Config", kisha piga namba kuu ya ofisi kwa simu ya mkononi usikilize inapokwenda.